Miguu ya Mama Gérard

Kwenye kilima kimoja cha Kalunguta, katikati ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, aliishi mama mmoja mwenye watoto watatu, lakini nyumbani kwake hakukuwa na hata mmoja. Watoto wenyewe walikuwa hai na wazima, wakila na kushiba, ila walikula na kushiba ng'ambo ya mpaka. Mama huyo aliitwa Katungu. Majirani, kwa heshima ya mzaliwa wake wa kwanza, walimwita Mama Gérard, na mume wake, mzee Mathe, walimwita Tata Gérard. Hivyo kila asubuhi wazee hao wawili walisalimiwa kwa jina la mtu ambaye hakuwepo.

Gérard alikuwa karani kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja. Uhuru ulipokuja, mzungu alifunga masanduku yake, akaondoka, na ofisi nayo ikafungwa siku hiyohiyo. Gérard alingoja muda mrefu mtu mwingine aifungue. Alipochoka kungoja, alishuka Kasindi, mpakani, akavuka na kuingia Uganda, akapata kazi kwenye mgodi wa shaba karibu na Kasese. Berthe, aliyemfuata, aliolewa na muuguzi, na muuguzi huyo akapata kazi Kampala. Akabaki Phinées, kitinda mimba.

Mwaka wa 1964 waasi walifika Beni na Butembo, wakaanza kukusanya vijana na kuwaingiza msituni. Hapo Katungu hakuomba shauri la mtu. Alifunga viazi vitamu ndani ya jani la mgomba, akampa Phinées, kisha akamsukuma mgongoni.

"Enda! Fuata yaya yako Gérard. Na ukigeuka nyuma, nitakuchapa!"

Phinées hakugeuka nyuma. Kabla ya mwaka kwisha waasi walifukuzwa na barabara ikafunguliwa tena, lakini yeye hakurudi. Alishaingia mgodini pamoja na kaka yake.

Kwa hiyo kilima kilibaki mikononi mwa watu wawili. Katungu alikuwa bado na nguvu za kulima maharagwe na kubeba kuni. Mathe, zamani mtu hodari, alianguka kutoka juu ya paa alipokuwa akibadilisha majani, na tangu siku hiyo nyonga yake haikumruhusu kutembea bila fimbo. Lakini jambo lililowanyima raha lilikuwa pombe ya kilima. Maharagwe na kuni hazikuwahi kuwatia hofu namna hiyo.

Huko kwao, kila mwaka mtama ukishavunwa, kila nyumba ilimpelekea kapita, yaani mkuu wa kilima, mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kapita hakuitegemea kwa kiu yake, maana kwake pombe haikukosekana. Mtungi huo ulikuwa neno la nyumba mbele ya watu wote: tupo, tunalima, moto wetu unawaka. Nyumba ambayo haikuleta mtungi ilihesabiwa kuwa imehama, na ardhi yake ikapewa wengine. Pombe hiyo haikununuliwa sokoni. Ilipaswa kutoka kwenye ndizi za nyumba yenyewe, na kukanyagwa na miguu ya nyumba yenyewe ndani ya mtumbwi, yaani lile gogo kubwa lililochongwa kama chombo cha mtoni. Tena miguu hiyo iwe ya wanaume. Wazee walisema mwanamke akiingia mtumbwini, maji ya ndizi hugeuka kuwa machungu.

Miaka iliyopita, siku ya kukanyaga ilikuwa kama sikukuu. Mathe na wanawe wawili walishikana mabega ndani ya mtumbwi, wakaimba wimbo wa kukanyaga, na Katungu aliwasikia akiwa jikoni, akijua kwa sauti tu kama ndizi zimelainika au bado. Mwaka wa waasi, hakuna aliyempelekea mtu yeyote pombe. Lakini sasa mwaka wa 1965 ulikuwa katikati, mtama ulikuwa ghalani, na mtumbwi wa Mathe ulikuwa umegeuzwa kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wakilala chini yake.

Kapita wa kilima alikuwa Zorobabel, mtu mnene wa mabega, aliyebatizwa akiwa mtu mzima na kujichagulia jina refu kuliko yote aliyosomewa. Alikuja siku moja mchana, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, mwavuli wake katikati ya magoti.

"Mama Gérard, habari ya batoto?"

"Beko. Banakula."

"Banakula mbali," Zorobabel akasema, akatikisa kichwa kwa huruma nyingi kupita kiasi. "Tata Gérard, naulizaka kama ndugu. Mwaka huu nani atakanyaga? Weye na ile nyonga?"

"Nyonga haikanyagake," Katungu akajibu kabla mume wake hajafungua mdomo. "Kunakanyagaka miguu."

"Donc, miguu ya nani? Mama, kilima haiwezi kungoja bantu ba Uganda. Batoto benu bashajenga kule. Muende, mupumzike. Hapa nitaweka batoto ba dada yangu. Ni bavulana bazuri. Batachunga makaburi yenu."

"Makaburi gani? Kapita, unatuzika na siye tuko tunakula?"

Mathe alikohoa ili kuficha kicheko. Zorobabel akasimama, akafungua mwavuli ingawa hakukuwa na mvua wala jua.

"Yote ni juu ya mutungi, mama. Ukileta, niko tayari. Usipoleta, desturi si yangu miye."

Kapita huyo alikuwa na sababu nyingine ya kutaka wazee hao waende mbali, na Katungu aliijua. Wakati wa waasi, makapita walitafutwa kama watu wa serikali. Mchana mmoja Zorobabel alitokea kwenye migomba ya Katungu akihema, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipobaki. Katungu alikuwa kwenye shimo la kuivishia ndizi. Alimwambia aingie. Akamfunika kwa majani, akatia udongo kidogo juu, kisha akakaa papo hapo na kuendelea kubambua maharagwe. Waasi walipofika wakamuuliza kapita yuko wapi, alijifanya mke wake, akawajibu, "Muulize bibi yake wa pili. Mimi bibi yake wa kwanza ananinyimaka hata salamu." Wakacheka, wakapita. Zorobabel alitoka shimoni akinuka ndizi mbivu kuanzia nywele hadi unyayo. Katungu hakumwambia mtu. Walijua Mathe, na Halima rafiki yake, ambaye siku hizo alikuwa amejificha humo nyumbani. Lakini mwanamume aliyefunikwa kwa majani ya mgomba hafurahi kumwona kila Jumapili, akitoka misa, mwanamke aliyemfunika.

Halima alikuwa mke wa Musafiri, mwenye lori lililobeba mizigo kati ya Butembo, Beni na Kasindi. Nyumba yao ilikuwa chini ya kilima, kando ya barabara. Wanawe, Idi na Daudi, walikuwa Kampala wakiuza vitenge. Siku chache baada ya ziara ya Zorobabel, Musafiri mwenyewe alipanda kilima, kofia yake nyeupe ikiwa na vumbi la safari.

"Mama, nilionana na Gérard ku Kasindi. Alikuya kunitafuta. Anasema ameongeza chumba. Mabati, si majani. Maji iko karibu. Anasema mukuye bote babili. Keshokutwa naenda Beni, kisha Kasindi, na mbele ku kabini nafasi iko."

"Na batoto yake?" Mathe akauliza.

"Beko bazima, muzee. Bakubwa! Ule mudogo aliniuliza koko yake, mama ya baba yake, anafananaka na nani. Mi nikamwambia anafanana na mutu mwenye kuuliza maswali mingi."

Mathe alicheka, kisha hakucheka tena. Musafiri alipoondoka, aliendelea kuchora mistari kwenye vumbi kwa fimbo yake. Hatimaye akasema polepole, bila kumtazama mke wake:

"Katungu, ninataka kuona sura ya bale batoto mbele ya kufa."

Neno hilo lilimchoma. Asingekuwa mkweli kama angesema kwamba yeye hakutaka. Alichukua jembe, akaenda kuchimba viazi ambavyo havikuhitajika siku hiyo. Kila alipopiga jembe, alimwona mtoto asiyemjua akiuliza bibi yake anafanana na nani. Aliona chumba cha mabati, maji karibu, mahali pa kukaa mchana akiota jua. Jembe likagonga jiwe. Akainama kulitoa, na alipoinuka akakiona kilima chote, migomba iliyopandwa na Mathe, kahawa iliyopandwa na Gérard akiwa mtoto wa shule, njia aliyopita Phinées bila kugeuka nyuma. Akawaza pia ile ofisi ya shamba la kahawa. Gérard aliiamini kama mtu anavyoamini ukuta, nayo ikafungwa kwa siku moja. Akarudi nyumbani na udongo mikononi.

"Sikia, Mathe. Ile shimo ya shaba, iko na mulango?"

"Shimo yote iko na mulango."

"Mulango inafungwaka?"

Mathe akarudi kuchora mistari kwenye vumbi.

"Siku batafunga, batoto yako batarudia wapi? Ku batoto ba dada ya Zorobabel? Batagonga hapa, batauliza, 'Samahani, tulizaliwa hapa, tunaweza kulala?' Mimi hapana kwenda. Ukitaka, wende. Nitakufungia chakula."

"Na utanisukuma kama Phinées, nisigeuke nyuma?"

"Weye geuka tu. Utaniona hapa."

Mzee akatikisa kichwa. "Sawa. Mais nani atakanyaga?"

"Miye."

"Mwanamuke haingiake mutumbwini."

"Nani alisema?"

"Bazee."

"Bale bazee balikuwa na batoto nyumbani."

"Maji itageuka uchungu, Katungu."

"Basi tutakunywa uchungu. Tulishakunywa ingine."

Mathe akanyoosha fimbo kuelekea nyuma ya nyumba.

"Anza kufukuza kuku."

Ndizi zilikuwa shimoni tayari. Zilipoiva vizuri, asubuhi moja yenye umande, Katungu aliugeuza mtumbwi, akausugua kwa majani na maji mpaka mti ukang'aa, akatia ndani ndizi alizokwisha kumenya. Mathe akaburuta kigoda chake, akakaa karibu kama hakimu. Kabla mke wake hajaingia, alimwagia maji miguuni, taratibu, mguu mmoja kisha mwingine, kama baba yake alivyomfanyia yeye zamani. Mwanamke akakunja kitenge chake mpaka magotini, akaingia mtumbwini, akateleza, akakaa chini katikati ya ndizi.

"Eh!" Mathe akapiga kelele. "Hapana na matako! Na miguu!"

"Nyamaza, weye muzee! Nipe mukono!"

Walipokuwa bado wanacheka na kuvutana, Halima akatokea na kisu chake. Alikuja kusaidia kumenya, kama alivyoahidi. Akasimama, akashika kiuno.

"Mama Gérard, unaoga ao unapika?"

"Ninakanyaga. Usiangalie sana, hii ni pombe, utapata dhambi."

"Pombe iko wapi? Miye naona ndizi."

"Itakuwa pombe."

"Siku itakuwa pombe, nitakuwa kwangu nikisali. Leo ni maji ya ndizi tu, hata mutoto mudogo anakunywaka. Baadaye mukitia mutama, dhambi ni yenu. Mutaongea na padiri wenu." Akavua kandambili, akamgeukia mzee. "Tata Gérard, mwaga maji."

Mathe alibaki na kata mkononi. "Mama Idi, nawe pia? Dunia imegeuka."

"Haikugeuka, muzee. Ilikimbilia Uganda. Siye ndiyo tulibaki."

Basi akaingia naye. Walishikana mabega, mmoja na kitambaa kichwani cha kuswalia, mwingine na rozari shingoni, wakaanza kukanyaga. Mwanzoni mambo hayakwenda. Ndizi ziligeuka tope zito lililong'ang'ania vifundoni, na tone la maji halikuonekana. Jua likapanda. Magoti ya Katungu yakaanza kulia.

"Tutie maji kidogo," akasema akihema.

"Ukitia maji sasa, utapelekea Zorobabel uji!" Mathe akafoka. "Kisigino, si vidole! Munatembea kama bantu banaenda soko. Kanyaga kama munazima moto!"

"Na weye uliyezima mingi, kuya basi!"

"Ningekuya! Mungu anajua ningekuya!"

Sauti ya mzee ilikuwa imebadilika. Kisha Mathe akaanza kupiga mtumbwi kwa fimbo yake, kwa mwendo wa zamani, na kuimba ule wimbo wa wanaume ambao nyumba hiyo haikuusikia tangu Phinées aondoke. Sauti ilikuwa na kutu. Lakini miguu iliijua. Katungu, aliyeusikia wimbo huo kutoka jikoni maisha yake yote, akagundua kwamba anajua kila neno. Akaitikia. Halima hakujua maneno, akaitikia kwa "ehee" mahali panapofaa na pasipofaa.

Mathe akaamuru watie majani makavu, wachanganye, wakanyage tena. Na hapo, chini ya visigino, povu likatokea, kwanza jeupe, halafu maji yenyewe yakatiririka, rangi ya asali, yakajikusanya upande wa chini wa mtumbwi. Mzee akachovya kidole. Akakilamba. Wanawake wawili walisimama katikati ya majani wakimngoja.

"Iko uchungu?" Katungu akauliza.

Mathe akalamba tena kidole kilekile, ingawa kilikuwa kikavu.

"Bale bazee," akasema, "balitudanganya."

Kufika mchana wimbo ulikuwa umefika kilima cha pili. Mama Vagheni, mjane wa huko ambaye wanawe walikwenda Bujumbura, alichungulia juu ya ua, akasema, "Mutakufa juu ya kicheko ao juu ya laana?" Hakungoja jibu. Alizunguka, akaomba maji ya miguu.

Halima alipokwisha kwenda kwake, Katungu aliongeza maji kwa kipimo alichoambiwa na mume wake, akanyunyiza unga wa mtama uliokaangwa, akafunika mtumbwi kwa majani ya mgomba. Sasa kilichobaki ni kungoja, na kungoja ndiko kulikomshinda. Asubuhi Mathe aliinama, akatega sikio kwenye gogo. Kimya. Katungu akafagia uwanja uliokuwa safi. Mathe akatega tena. Kimya. Katungu akawaza watoto wa dada ya Zorobabel wakikaa kwenye kigoda cha mume wake, na mtu akigonga mlango kutoka Uganda bila kufunguliwa. Alasiri, alipokuwa anaficha uso kwa kujifanya anachambua mboga, mzee akamwita kwa mkono. Alipotega sikio lake naye, alisikia ndani ya gogo mnong'ono mdogo kama maharagwe yanapoanza kuchemka. Pombe ilikuwa inafanya kazi.

Jumapili, baada ya misa, nyumba za kilima zilikusanyika uani kwa Zorobabel. Kwa desturi, mtungi ulibebwa na mwana wa kiume begani. Katungu aliubeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama wanawake wa huko wanavyobeba kuni na viazi. Mathe alimfuata na fimbo, akipumzika mara nyingi, akikataa kila mkono alionyooshewa. Walipoingia uani, mazungumzo yalikatika.

"Aa, Mama Gérard!" Zorobabel akasema. "Ulibeba mwenyewe? Pole. Kijana alikosekana?"

"Mutungi iko hapa, kapita. Onja."

Kapita alitazama huku na huku. Alidhani, bila shaka, kwamba wazee hao wamenunua kitu Butembo, na kwamba ulimi wake utakitambua mbele ya watu. Akapokea kibuyu. Desturi ilimtaka amwage kidogo chini, anywe, halafu awapitishie wazee, na pombe ikishapita midomo hiyo imepokelewa. Akamwaga. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso mapema ili awe tayari. Uso ukakunjuka. Akanywa. Akanywa tena, akakimaliza kibuyu, akawapitishia wazee kilichojazwa upya.

"Hii ni ndizi ya kilima," akakiri. Alikuwa mtu wa majivuno, lakini kwa pombe hakuweza kusema uongo. "Tata Gérard, Phinées alirudia?"

"Hapana."

"Nani basi alikanyaga?"

Katungu hakujibu kwa mdomo. Aliinua pindo la kitenge chake kidogo. Utomvu wa ndizi hautoki upesi. Vifundo vyake vilikuwa vyeusi, na visigino vyeusi zaidi, kama mtu aliyetembea kwenye majivu.

Mzee mmoja aliondoa kibuyu mdomoni, akakitazama kana kwamba kimemuuma. Zorobabel akasimama.

"Mwanamuke? Mulitupatia pombe ya miguu ya mwanamuke?"

"Ya banamuke batatu," Katungu akasema. "Miye, Halima na Mama Vagheni. Usitupunguze."

"Desturi inasema miguu ya nyumba!"

"Na hii ni ya nyumba gani? Nilifika na hii miguu kwa Mathe nikiwa musichana. Ililima, ilizalia hapa, ilikimbiza batoto waasi basibakamate. Kama si ya nyumba, niambie ni ya wapi, niirudishe."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Na ule Muislamu wa barabarani?" Zorobabel akaendelea. "Ni wa nyumba yako naye?"

"Halima alilala kwangu wakati wa waasi. Alikula maharagwe yangu. Ule wakati, kapita, bantu balipita kwangu, balifichwa." Alimtazama machoni, na sauti yake ikawa ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia hali ya mashamba. "Ile shimo yangu ya ndizi iko bado pale. Hata leo nafasi iko."

Watu hawakuelewa. Mathe alielewa, akatazama ncha ya fimbo yake. Zorobabel naye alielewa, na kwa muda alionekana kama mtu anayengoja udongo umwagwe juu ya kichwa chake. Alingoja neno linalofuata. Katungu hakulisema.

Aliyevunja kimya alikuwa mzee Élisée, mtu mkongwe mwenye meno machache, ambaye wanawe nao walikuwa Kasese. Alinyoosha kibuyu chake kitupu.

"Tia tena," akamwambia Katungu. Kisha akawageukia wenzake. "Munaniangalia nini? Pombe imeshashuka ndani ya tumbo. Tutaitapika? Na mutungi yangu ile, kama munataka kujua, inatoka soko ya Butembo. Nani angenikanyagia? Mbuzi?"

Hapo kicheko kikapasuka, na ndani yake zikatoka sauti nyingine, mwanzoni za chini: hata mimi, hata sisi, mtungi wetu ulikanyagwa na mkwe, wetu na mpita njia. Ilionekana kwamba kilimani hapo nyumba nyingi zilikuwa zimebaki na wazee tu, na kila moja ilikuwa imejificha na aibu yake, ikidhani iko peke yake.

Zorobabel aliketi. Alikigeuza kibuyu mikononi, akakitazama ndani, akamtazama Katungu, akatazama tena ndani.

"Imenywewa," akasema hatimaye, si kwa furaha. Kisha, kwa kuwa desturi ilimtaka aseme kwa sauti ili wa nyuma wasikie: "Nyumba ya Mathe iko!"

"Iko," watu wakaitikia.

Mathe aliketi chini palepale alipokuwa, kwa sababu nyonga ilikuwa imefika mwisho wake. Au labda haikuwa nyonga.

Juma lililofuata Musafiri alikuwa anafunga turubai kwenye lori lake, tayari kwa Kasindi, Halima akimpa chakula cha njiani, alipomwona Katungu akishuka kilima kwa haraka na kitenge kimekunjwa kiunoni.

"Mama! Nilijua utakuya. Nafasi ingali ku kabini. Mizigo iko wapi?"

"Mizigo gani? Ninapita tu. Ninaenda kwa Élisée. Ndizi yake imeiva, anataka mutungi ya kweli."

"Élisée? Si balisema miguu ya nyumba?"

"Alikumbuka mama yake alikuwa shangazi yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Halima alicheka mpaka akashikilia lori. Kisha akaanza kuvua kandambili zake, akazifunga pamoja, akazitundika begani. "Ningoje. Leo bado ni maji ya ndizi."

Musafiri hakucheka. Alimpenda Gérard, na alijua kijana huyo atakuwa amesimama kando ya barabara kule mpakani, akichungulia kabini.

"Mama, nitamwambia nini? Alijenga ile chumba na mikono yake."

Katungu akasimama. Akatazama barabara inayoshuka kwenda Beni, iliyokwishawapeleka watoto wake wote mmoja mmoja. 

"Mwambie aksanti. Kweli, usisahau, mwambie aksanti. Ile chumba alaze bageni. Baba yake anataka kuona sura ya bale batoto. Basi abalete, baba yake abaone hapa, ku kilima yabo, si kule. Barabara inapanda pia, si inashuka tu." Akaanza kutembea, akageuka. "Na mwambie mama yake hawezi kukuya. Miguu yake iko na kazi."

"Na kama anakuya?"

"Akikuya, aoge miguu vizuri," Katungu akapaza sauti akiwa tayari njiani, "mbele ya kuingia ku mutumbwi yangu!"